Mwalimu na Ukuta

Kazi nyingi za binadamu hupimwa kwa kitu kilicho wazi mbele ya macho. Seremala huonyesha mlango, mkulima huonyesha ghala, na nahodha huonyesha shehena aliyoifikisha bandarini. Mwalimu hana cha kuonyesha. Alichokifanya kimo ndani ya vichwa vya watu wengine, nao wamekwisha kwenda zao. Kwa sababu hiyo ni rahisi sana kumsahau mwalimu panapofanywa hesabu. Majengo huhesabiwa, madawati huhesabiwa, wanafunzi huhesabiwa kwa majina yao. Mwalimu hudhaniwa kuwa atajitokeza mwenyewe, kama kivuli kijitokezavyo jua likiwaka.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na jambo hili limenishughulisha kwa miaka mingi. Hulifikiri zaidi nisomapo habari za shule za kusini ya Marekani, katika miaka ambayo ukuta wa rangi baina ya shule na shule ulibomolewa. Habari hizo aghalabu husimuliwa kama habari za watoto na mahakimu. Tunaonyeshwa mtoto mweusi akipita katikati ya umati wenye hasira, vitabu kifuani, akienda darasa ambalo jana lilikuwa haramu kwake. Picha hiyo ni ya kweli, na ushujaa wa watoto wale haupunguki hata chembe. Walakini kila nikiitazama humtafuta mtu mmoja ambaye hayumo: mwalimu aliyemfundisha mtoto yule kusoma, katika shule ile aliyoiacha. Mwalimu yule alikwenda wapi?

Tarehe 17 Mei 1954 mahkama ya juu kabisa ya Marekani iliamua, kwa kauli moja ya mahakimu wote tisa, kwamba kuwatenga watoto kwa rangi katika shule za serikali ni kinyume cha katiba. Hukumu hiyo ilijibu mashauri kadhaa yaliyosikilizwa pamoja, na mojawapo lilitoka Wilaya ya Clarendon katika jimbo la South Carolina, ambako wazazi walianza kwa kuomba basi la kuwapeleka watoto wao shule. Kiongozi wao mmoja, Joseph DeLaine, alikuwa mchungaji na mwalimu pia. Alipoteza kazi ya ualimu, nyumba yake ikateketea mwaka 1951, na mwaka 1955 akalazimika kulihama jimbo. Huyo alilipa gharama mapema kuliko wenzake. Hukumu ya pili, ya tarehe 31 Mei 1955, ilieleza namna ya kuitekeleza ile ya kwanza, lakini haikuweka siku ya mwisho. Wala hapakuwa na ulinzi wowote uliowekwa kwa ajili ya walimu weusi waliokuwa wakiwafundisha watoto wale. Wahenga wamesema: asiyekuwapo na lake halipo.

Nitamsimulia mmoja wa walimu hao ambaye maisha yake yameandikwa, na mwenyewe pia aliyaandika. Septima Poinsette Clark alizaliwa Charleston, South Carolina, mwaka 1898. Baba yake alikuwa amezaliwa mtumwa; mama yake alikuwa dobi. Mwaka 1916 alihitimu masomo ya ualimu, lakini mji wa Charleston ulikuwa hauwaajiri walimu weusi katika shule zake za serikali, hata zile za watoto weusi. Akavuka maji akaenda Johns Island, kisiwa kilicho karibu na mji. Huko yeye na mwenzake mmoja walifundisha watoto 132. Ng'ambo ya barabara palikuwa na shule ya Wazungu yenye watoto 3, na mwalimu wake alipata mshahara uliozidi mara mbili ule wa Septima. Mwenye kutaka kujua maana ya utengano hahitaji kitabu kikubwa. Tarakimu hizo mbili, 132 na 3, zamtosha.

Aliporudi mjini alishiriki katika kukusanya saini za kudai walimu weusi waajiriwe, na mwaka 1920 mlango huo ukafunguka. Baadaye, akifundisha Columbia, mji mkuu wa jimbo, alishiriki katika shauri la kudai walimu weusi na weupe walipwe sawa wakiwa na sifa sawa, na mwaka 1945 mahkama ikawapa haki yao. Alisoma huku akifanya kazi. Digrii ya kwanza aliipata mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 44, na ya pili mwaka 1946. Kwa maneno mengine, alikuwa mwalimu wa namna ambayo kila serikali hudai kwamba inaitafuta.

Mwaka 1956 South Carolina ilipitisha sheria ya kuwakataza watumishi wa serikali kuwa wanachama wa NAACP, chama ambacho mawakili wake ndio waliokuwa wakiendesha mashauri ya kuuvunja utengano. Walimu waliulizwa waseme kama wamo au hawamo. Septima Clark alijibu kwamba yumo. Basi akaondolewa kazini baada ya miaka 40 ya kufundisha, na haki yake ya pensheni ikaenda pamoja na kazi. Mwaka huohuo, katika mji mdogo wa Elloree, walimu 21 walikataa kukikana chama hicho, nao pia wakapoteza kazi zao. Tazama jinsi mambo yalivyokwenda: hukumu ya kuvunja ukuta ilikuwa imekwisha kutolewa, na ukuta ulikuwa bado umesimama, waliokwisha kuanguka walikuwa walimu.

Yapo mambo mawili katika maisha ya bibi huyu ambayo huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. La kwanza ni hili. Aliwaandikia walimu weusi wenzake barua 726 akiwaomba waipinge sheria ile kwa pamoja, akapata majibu 26. Mtu mwingine angalitumia maisha yake yote kuwalaani waliokaa kimya. Yeye, alipolisimulia jambo hili uzeeni, hakuwaita waoga. Alilihesabu kuwa ni upungufu wa kazi yake mwenyewe, kwa kuwa aliwasukuma watu katika jambo ambalo hakuwa amewaandaa kwalo. Hiyo ndiyo tabia ya mwalimu wa kweli: darasa lisipoelewa, huanza kwa kuutazama ufundishaji wake kabla ya kuwatazama wanafunzi.

La pili ni kwamba kazi ilimfuata alikokwenda. Alipokelewa Highlander, shule ya watu wazima iliyokuwa katika milima ya Tennessee, ambako weusi na weupe walikaa meza moja wakati ambapo jambo hilo lilikuwa hatari. Kutoka huko akarudi kwa njia nyingine kwenye kisiwa kile alikoanzia. Mnamo Januari 1957 darasa la kwanza la uraia lilifunguliwa Johns Island, katika chumba cha nyuma cha duka, ili watu wazima wajifunze kusoma na kuandika, wapate kujiandikisha kupiga kura. Mwalimu aliyechaguliwa, Bernice Robinson, alikuwa msusi. Hakuwa na cheti cha ualimu, na waliomchagua waliona kuwa hiyo ni sifa, maana asingewadharau wazee waliokuja na mikono migumu ya shamba kushika kalamu kwa mara ya kwanza. Walijifunza kuandika majina yao, wakajifunza kujaza karatasi za kuagizia bidhaa kwa posta, kisha wakaingia katika vifungu vya sheria. Madarasa ya namna hiyo yakaenea kusini yote. Serikali ilikuwa imemnyang'anya Septima Clark darasa moja, naye akayafungua mengi.

Mwaka 1975 alichaguliwa kuingia katika bodi ya shule ya Wilaya ya Charleston, akiwa na miaka 77. Mwaka 1976 gavana wa jimbo akairudisha pensheni yake, akikiri kwamba alifukuzwa bila ya haki. Alifariki mwaka 1987. Mwisho huo ni mzuri, na kwa sababu ni mzuri yatupasa tujihadhari nao. Msomaji aweza kufunga kitabu akidhani kwamba kila aliyeonewa hatimaye aliitwa akaombwa radhi. Septima Clark ni mmoja. Hesabu inayotajwa mara nyingi na watafiti ni kwamba baina ya mwaka 1954 na mwaka 1965 walimu na wakuu wa shule weusi wapatao 38,000 walipoteza nafasi zao katika majimbo 17 ya kusini na ya mpakani. Wengi wao hawakuwa wamejiunga na chama chochote. Waliondolewa kwa hesabu tu. Shule mbili zikiunganishwa huwa moja. Shule moja yahitaji mwalimu mkuu mmoja. Bodi zilikuwa mikononi mwa Wazungu, na wazazi wa Kizungu wengi hawakutaka watoto wao wafundishwe na mtu mweusi. Hesabu hiyo hata mtoto aweza kuifanya.

Nilibahatika kumjua mmoja wa wengi hao. Nilipokuwa na umri wa miaka thelathini hivi nilipelekwa kufundisha Kiswahili kwa mwaka mmoja katika chuo kikuu kimoja cha kusini ya Marekani. Darasani mwangu alikaa bibi mmoja mweusi wa miaka sabini na kitu, ambaye chuo kilimruhusu kusikiliza masomo bila ya kufanya mitihani. Alifanya mitihani yote. Siku niliyofundisha salamu, nikaeleza kwamba mdogo humwamkia mkubwa kwa shikamoo, darasa zima lilimgeukia. Akaipokea heshima hiyo bila ya haya, akaitikia marahaba ya kila mmoja kwa zamu. Siku nyingine nilimwita ubaoni. Aliandika akiwa amesimama upande, asiwazibe waliokaa nyuma, mistari yake ikiwa imenyooka kana kwamba imepigwa rula. Nikajua papo hapo kwamba mtu huyu alikuwa mwalimu.

Alikuwa amefundisha hesabu tangu mwaka 1958 katika shule ya sekondari ya watoto weusi. Mwezi wa Oktoba 1969 mahkama ya juu, baada ya miaka 15 ya visingizio vya majimbo, iliamuru kwamba utengano ukomeshwe mara moja. Na mwaka uliofuata shule za wilaya yake ziliunganishwa. Wanafunzi wa shule yake walihamishiwa shule ya Wazungu. Jina la shule yao likafutwa, na vikombe walivyopata katika michezo vikatupwa. Mwalimu wao mkuu, mtu ambaye wazazi walimsimamia alipopita, alipewa kazi ya kusimamia mabasi. Bibi huyu alipewa chumba cha kugawia vitabu. Hesabu zikafundishwa na kijana wa Kizungu aliyekuwa ametoka chuoni mwaka huohuo. Watoto aliokuwa akiwafundisha zamani walikuja chumbani mwake kwa siri, wakijifanya wanataka kitabu, wakamwomba awaeleze yale ambayo hawakuyaelewa. Alivumilia hivyo kwa miaka mitatu, kisha akaacha, akaenda kuajiriwa benki.

“Mwalimu,” aliniambia, maana hakupata kuniita kwa jina, “watoto walihamishwa pamoja na madawati. Mimi nilihamishwa pamoja na vitabu.”

Nikamwuliza, “Bibi, je, kuna siku uliyojuta kwamba ukuta ule ulivunjwa?”

Alinitazama kama mtu amtazamavyo mtoto aliyekosa kujibu mbili mara mbili. “Hata siku moja,” alisema. “Ukuta ule ulikuwa mwovu, ulistahili kuvunjwa. Nilichotaka mimi ni kuulizwa.”

Nimelipima neno hilo mara nyingi. Kuna wanaosema, kwa nia njema, kwamba gharama ya walimu ilikuwa ndogo ikilinganishwa na faida ya watoto. Nadhani wanaosema hivyo wanadhani kwamba mwalimu ni kitu kimoja na mtoto ni kitu kingine. Shule za weusi zilinyimwa fedha, na mara nyingi zilitumia vitabu vilivyochakaa vya shule za Wazungu. Hilo halina ubishi, na hapana mwenye akili atakayetaka zirudi. Lakini ndani ya majengo hayo mabovu walikuwamo watu kama Septima Clark na kama bibi yule wa hesabu: watu waliowajua wazazi wa kila mtoto, waliomtazama mtoto mweusi wakaona daktari au hakimu wa kesho. Walipoondolewa, mtoto mweusi aliingia katika jengo bora akakuta kwamba elimu yote imeshikwa na watu wa rangi moja. Mtoto mweupe naye alikuta hivyo hivyo, wala hakuwa na sababu ya kushangaa. Kila mmoja alipata somo ambalo halikuandikwa ubaoni, na masomo ya namna hiyo ndiyo yakaayo sana moyoni. Kwa hiyo kumwondoa mwalimu hakukuwa gharama iliyolipwa kwa ajili ya mtoto. Mtoto mwenyewe aliilipa.

Nasi wa Afrika ya Mashariki tusiisome habari hii kana kwamba ni ya watu wa mbali. Tanganyika nayo ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, kila moja mbali na mwenzake, na tarehe 1 Januari 1962, chini ya mwezi mmoja tangu uhuru, mifumo hiyo iliunganishwa kwa sheria kuwa mmoja. Tofauti yetu na South Carolina ilikuwa katika mkono ulioshika kalamu. Kule waliopanga namna ya kuunganisha ni walewale waliokuwa wameujenga ukuta. Huku kalamu ilikuwa mikononi mwa serikali ya watu waliokuwa wamefungiwa nje, na kiongozi wake mwenyewe alikuwa ametoka darasani. Julius Nyerere alikuwa mwalimu Pugu alipotakiwa achague baina ya ualimu na siasa. Mwezi wa Machi 1955 aliiacha kazi, mwaka mmoja tu kabla ya Septima Clark kufikishwa mbele ya uchaguzi unaofanana na huo. Mmoja aliandika barua ya kujiuzulu, mwingine aliandikiwa ya kuondolewa. Lakini tazama jinsi watu walivyotoa hukumu yao: mtu aliyeacha ualimu mwaka 1955 aliitwa Mwalimu mpaka alipofariki mwaka 1999, na mpaka leo neno hilo likitajwa peke yake nchini Tanzania kila mtu hujua ni nani anayetajwa. Cheo cha serikali huondoka na mwenye kukitoa. Ualimu hutolewa na waliofundishwa, nao ndio pekee wawezao kuufuta.

Walakini haifai neno hilo tamu litumike kama dawa ya kumlaza mwalimu aliyeonewa. Kumwambia mtu kwamba heshima yake haifutiki, huku mshahara wake umefutwa, ni kumlisha mwenye njaa hadithi ya pilau. Mwaka uliopita niliitwa katika kamati ya kuunganisha idara mbili za chuo kimoja. Silinganishi mambo yetu na yale ya South Carolina. Hapa hapakuwa na rangi, wala nyumba ya mtu haikuteketea. Tuliletewa makabrasha mazuri. Vyumba vilihesabiwa, wanafunzi walihesabiwa, na fedha ambazo zingeokolewa zilihesabiwa mara mbili. Walimu wanne wa mkataba wa idara iliyokuwa ndogo, wawili kati yao wakiwa wamefundisha kwa zaidi ya miaka kumi, hawakutajwa katika ukurasa wowote. Nikauliza habari zao.

“Hayo yatafikiriwa baadaye, Daktari,” alinijibu mwenyekiti kwa upole.

Nikaomba neno hilo, baadaye, liandikwe katika kumbukumbu za mkutano pamoja na tarehe yake, na kwamba siku hiyo walimu wenyewe wawepo. Wengine walicheka, lakini katibu aliandika. Tarehe hiyo bado haijafika. Walimu wale wanne wanaijua, nami nimeiandika katika kitabu changu cha shajara kwa wino mwekundu.

Wengi wa wasomaji wa jarida hili ni wanafunzi, na baadhi yenu mtakuwa wakuu wa shule, wakurugenzi na watunga sheria. Zipo kuta nyingi katika elimu yetu zinazostahili kuvunjwa: baina ya shule za wenye fedha na shule za wasio nazo, baina ya lugha inayoheshimiwa darasani na lugha inayozungumzwa uwanjani, baina ya mji na shamba. Zivunjeni, wala msiogope vumbi. Lakini kabla ya nyundo ya kwanza kupigwa, mtafuteni aliyekuwa akifundisha upande ule ulionyimwa, mketisheni mahali panapoonekana, mkamwulize anajua nini kuhusu watoto wale ambacho ninyi hamkijui. Atakuwa na majibu mengi kuliko mnavyodhani, na mengine hayatawapendeza. Yaandikeni yote.